Machozi Yale Yalikuwa Kazi Yangu

Katika maisha yangu yote sijawahi kuchimba kitu, isipokuwa mashimo ya kupandia mihogo nyuma ya nyumba ya baba. Sijawahi kuosha mawe mtoni ili nile. Sijawahi kubeba gunia la shaba mgongoni, ila kwa siku kumi na moja nilipokuwa na miaka tisa, na gunia lenyewe lilijazwa maranda ya mbao, juu yake yakawekwa mawe machache ili kamera iyaone. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi wa Lubumbashi, na wengine wa nchi ambazo sitazifikia, wameuona uso wangu ukiwa na vumbi na machozi, wakanihurumia. Sikuwaomba huruma. Nilikuwa kazini.

Sisi ni watu wa kaskazini mwa Katanga. Babu aliletwa mjini na reli, baba akazaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, na mimi nikazaliwa palepale. Baba alikuwa mpangaji wa mabehewa: alisimama kati ya njia mbili na bendera yake, akaita injini irudi nyuma polepole mpaka vyuma vishikane. Mama alishona nguo za watu barazani. Hatukuwa matajiri, lakini bukari, ugali wetu, ilikuwepo, sombe ya majani ya mihogo ilikuwepo, na shuleni kwa masista nilikwenda na viatu.

Kila Ijumaa Kuu parokia yetu iliigiza mateso ya Yesu kwenye uwanja wa mbele ya kanisa. Mwaka ule msichana aliyepangwa kuwa mjakazi, yule anayemwambia Petro kwamba na yeye alikuwa pamoja na Yesu, alishikwa na surua. Katekista akatupa macho huku na huku, akaniona nimekaa mstari wa mbele, akanifunga kitambaa kichwani na kunisukuma. Petro alikuwa fundi wa magari, mtu mkubwa mwenye ndevu zake mwenyewe. Nilitakiwa kusema sentensi moja kisha niondoke. Nikaisema. Halafu sikuondoka. Nilimtazama tu. Sijui nani alinifundisha. Nikasogea hatua moja, nikamtazama tena, na yule fundi akasahau maneno yake, akarudi nyuma kweli, na uwanja mzima ukanyamaza. Kwangu mimi kazi ilianzia pale, na si penginepo.

Nyuma ya watu alikuwa amesimama mwanamke mgeni aliyekuwa akitafuta watoto. Wenzake walikuwa wametoka Ulaya kuja kutengeneza filamu kuhusu familia moja inayoishi kwa kuosha mawe ya shaba. Ilikuwa filamu ya hadithi, yenye maneno yaliyoandikwa mapema, na waigizaji waliopewa majina yasiyo yao. Jumatatu ya Pasaka alikuja nyumbani pamoja na mkalimani, mwalimu wa Kifaransa, mtu wa Kasai mwenye adabu nyingi na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Mama akatoa masharti yake: mtoto asikose mafundisho ya komunyo, asivuliwe nguo, na yeye mama awepo kila siku. Baba alikuwa na swali moja tu. Alitaka kujua kama ni mchezo au ni kazi. Mwalimu akamjibu kwamba ni kazi.

"Bon," baba akasema. "Kama iko kazi, aende aifanye muzuri."

Walichagua ukingo wa mto mmoja upande wa barabara ya Likasi, mahali ambapo watu walikuwa wakiosha mawe kweli. Ili nionekane mzoefu walimchukua dada mmoja wa palepale, wa miaka ishirini na kidogo, mwenye mtoto mgongoni, aje kunifundisha. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Kwa siku mbili alinionyesha jinsi ya kusimama majini miguu ikiwa imeachana, jinsi ya kushika gunia la matundu pande mbili na kulitikisa mpaka udongo uondoke na maji, mawe yabaki. Mimi nilitikisa kwa mikono. Akanigonga kidogo kiunoni.

"Hapana tikisa na mikono," alisema. "Mikono itachoka mbele ya saa ine. Tikisa na kiuno, mikono itafwata."

Siku ya pili mchana wanawake waliokuwa wakiosha ng'ambo ya mto walianza kucheka, wakasema mtoto wa reli sasa amekuwa wa kwao. Yaya hakucheka. Alisema bado kuna kosa moja: mtu aliyezoea kazi ile hatazami mikono yake, anatazama mbali, kwa sababu mikono inajua njia. Nikajaribu kutazama mbali. Ilikuwa ngumu kuliko kutikisa gunia.

Siku ya nane ilikuwa zamu ya kulia. Katika hadithi, msichana anaambiwa kwamba kaka yake amefukiwa shimoni. Siku hiyo mama hakuja, siku moja tu kati ya zote, kwa sababu alikuwa na gauni la arusi la kumaliza. Mwongozaji wa filamu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alinipeleka pembeni pamoja na yule mwalimu mkalimani. Akapiga magoti mbele yangu, akanishika mabega, akasema maneno machache. Mwalimu alichelewa kutafsiri. Halafu akaniambia kwamba imeletwa habari kutoka mjini: baba yangu amebanwa na behewa.

Niliona mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, taa ndogo nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, na kamera ilikuwa imegeuzwa upande wangu. La pili, mwalimu alikuwa akitazama viatu vyake. Na zaidi ya hayo, nilijua asubuhi ile nimemwacha baba wapi.

"Papa haiko ku kazi leo," nikasema. "Eko ku nyumba, anapaka ukuta chokaa."

Mwongozaji aliuliza nimesema nini, na mwalimu akawa anatafuta maneno. Ndipo nikakasirika. Nilikuwa mdogo, nguo zimelowa, lakini hasira ile naikumbuka vizuri, kwa sababu haikuwa hasira ya mtoto aliyetishwa. Ilikuwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa kazi yake.

"Musinibongopee," nikamwambia mwalimu. "Kama munataka nilie, museme lia. Mi nitalia."

Akamtafsiria mwongozaji yote mawili, kwamba nimeujua uongo wao na kwamba nitalia nikiambiwa, na safari hii hakutazama viatu. Mwongozaji alisimama, akajifuta magoti, akaniuliza ninahitaji nini. Nilimwambia ninahitaji watu wanyamaze.

Sikufikiria kifo. Nilimfikiria bibi yangu, mama yake baba, ambaye mwaka uliotangulia alianza kusahau, na siku moja alinipokea mlangoni akaniuliza kwa upole mimi ni mtoto wa nani. Nilikumbuka upole ule. Nikaachia mabega, nikashika pumzi mpaka koo likauma, na kwenye neno "shimo" machozi yakatoka. Mara ya kwanza lori lilipita barabarani likaharibu sauti. Mara ya pili wingu likaziba jua. Tukarudia mara ya tatu. Mara zote tatu nililia kwenye neno lilelile, na baada ya ile ya mwisho wanawake wa ng'ambo, ambao hawakuwa wameambiwa lolote, walipiga makofi.

Mama alipopata habari alikwenda mwenyewe kumkabili mwongozaji, na Jumapili mtu yule mrefu alikuja kambini kwetu kuomba radhi mbele ya baba. Baba alimpa kiti, akamlisha bukari na ndakala, dagaa wa kwetu, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba radhi ameipokea, lakini asisahau kuwa mtoto amemshinda.

Alisahau. Mwaka uliofuata mwalimu mkalimani alituletea gazeti lililotoka Ulaya, akatusomea. Mwongozaji alikuwa ameulizwa juu ya yale machozi ambayo watu wote waliyasifu. Alijibu kwamba mambo kama yale hayaigizwi, kwamba mtoto yule alilia maisha yake mwenyewe. Mama aliomba mwalimu arudie kusoma. Kisha akalichukua lile gazeti, akalikunjua mezani, akachora juu yake mkono wa blauzi na kulikata.

Filamu yenyewe ilionyeshwa mjini mara moja tu, kwenye ukumbi uliojaa mpaka ngazini. Nilivaa gauni la buluu aliloshona mama. Watu walilia, taa zilipowaka wakanitafuta, na mwanamke mmoja aliyevaa vizuri akanishika uso kwa mikono miwili akasema maskini. Nilimwambia asante, nikidhani anasifu kazi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakusifu kitu.

Kwa maana picha ile ilitoka kwenye filamu ikaanza kutembea yenyewe. Kipande kile cha mara ya tatu, uso wangu peke yake, vumbi na machozi, kilikatwa na kuwekwa kwenye mabango, kwenye kalenda, kwenye vijitabu vya watu wanaokusanya misaada. Jina la filamu halikuandikwa. Wala langu. Niliona kalenda yangu ukutani kwenye zahanati, mwezi wa sita. Shuleni wakaniita Mutoto wa Mawe. Siku moja walikuja wageni wawili na mfuko wa viatu vilivyovaliwa, wakapewa darasa letu, wakaniita mbele, wakanivisha jozi moja juu ya soksi zangu, mbele ya wenzangu, huku viatu vyangu vizima vikiwa chini ya dawati. Nilikwenda navyo nyumbani. Mama alivitazama, akavifunga kwenye karatasi safi, akanishika mkono tukarudi shuleni wakati huohuo, akaviweka juu ya meza ya sista. Alisema mtoto wake ana viatu, na kama kuna mtu anataka kumpa kitu kwa kazi aliyoifanya, ampe kazi nyingine.

Kazi nyingine ilikuja nilipofika miaka kumi na mitatu. Kituo kimoja cha televisheni cha hapa kilikuwa na mchezo wa kila Jumapili baada ya habari, na kundi lao lilipiga picha kwenye nyua za watu huko Katuba. Mkuu wa kundi alikuwa mwalimu wa zamani, mpole, mwenye subira na sisi wadogo. Alinipokea kwa mikono miwili, akanipa nafasi ya yatima. Nikaicheza. Akanipa yatima mwingine. Kisha mtoto wa kambo, kisha msichana wa kazi anayesingiziwa wizi, kisha yatima tena. Nililia Jumapili kwa Jumapili, na nilikuwa mzuri. Sioni haya kusema nilikuwa mzuri. Umeme ukikatika upande mmoja wa mji, watu walikwenda kwa ndugu zao upande mwingine ili wanione nikilia.

Nilipotimiza miaka kumi na sita lilitungwa igizo lenye mke wa pili, mwanamke kijana anayecheka sana na anayefanya anavyotaka. Nilisoma karatasi zile nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Nilimwendea mkuu wa kundi nikamwomba nafasi ile. Alinitazama kama baba anavyomtazama mtoto aliyeomba gari.

"Sura yako bantu banaijua kwa machozi," aliniambia. "Ukianza kucheka, batazima televizio."

"Bazime," nikasema.

Hakuwa mtu mbaya. Alinifuata mpaka kwenye lango, akaniambia nitajuta. Sikujuta, ingawa miaka iliyofuata ilikuwa kavu. Nilimaliza shule, nikamsaidia mama kutia vifungo na mapindo, na barabarani watu waliendelea kunisimamisha. Waliuliza sauti zikiwa chini, kama wanaotoa pole: wewe uliyekuwa kwenye filamu, ilikuwaje? Walitaka kusikia kwamba nilidanganywa, nilianguka, niliharibika. Nilikuwa nikiwajibu kwamba niko mzima, nasubiri nafasi nzuri. Wengi hawakuridhika na jibu hilo, maana halikuwa na kisa ndani yake.

Baadaye nilikwenda Kasapa, chuo kikuu, kusomea sheria. Mwaka wa pili tulikuwa na somo la haki za watoto, ukumbi mkubwa, watu mia kadhaa tumebanana kwenye mabenchi. Mhadhiri msaidizi, kijana aliyeipenda kazi yake, aliwasha mashine ya kuonyesha picha ukutani, na mimi hapo, mrefu kama mlango wa kanisa. Akasema tumtazame mtoto huyu, ambaye hakuwahi kuona shule, ambaye mikono yake ilizeeka kabla ya wakati.

Nikanyoosha mkono. Tuliongea Kifaransa, kama inavyotakiwa pale. Nilimwambia mtoto huyo ni mimi. Ukumbi uligeuka. Yeye alishtuka, kisha akaniuliza kwa heshima kubwa kama ningekuwa tayari kutoa ushuhuda wangu. Nilisema sina ushuhuda. Nilikuwa darasa la nne kwa masista, picha ile imetoka kwenye filamu ya hadithi, na pale ninaigiza. Wengine wakacheka. Alisema kwamba hata kama ni maigizo, mambo yanayoonyeshwa ni ya kweli, na watoto wa namna ile wapo. Nilimjibu kwamba sikatai kuwa wapo. Ninachokataa ni kuitwa ushahidi. Ushahidi ni kitu kinachookotwa chini, na mimi sikuokotwa. Nilifanya jambo gumu mara tatu mfululizo, na mtu anayelijua jambo hilo anaweza kuliona kwenye picha. Akabonyeza kitufe, tukaenda kwenye picha nyingine.

Nilitoka ukumbini nikiwa nimeinua kichwa. Nje, msichana mmoja wa darasa letu, mtu wa upande wa Kolwezi ambaye tulikuwa hatujazoeana, alinisimamisha kwenye ngazi. Hakupandisha sauti.

"Mama yangu alikuwa anaosha mawe," alisema. "Mi nimesoma na feza ya mawe ile. Weye unakataa kama vile iko haya."

Nilianza kueleza kwamba sikumaanisha hivyo. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Niliyarudia maneno yangu yote ya ukumbini nikiwa njiani kwenda nyumbani, na safari hii niliyasikia kwa masikio yake. Sikubadilisha mawazo juu ya kazi yangu. Lakini nilimkumbuka yaya, na nikatambua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nikidai sifa ya ufundi ambao nusu yake niliupokea kwake, na sikuwahi hata siku moja kumtaja.

Nilikwenda kumtafuta. Ilinibidi nipande basi la Likasi Jumamosi tatu, nikishuka na kuuliza kwenye vibanda. Jumamosi ya tatu nilimkuta kando ya barabara, ameketi nyuma ya mafungu ya maharage. Mto ule hawaoshi tena, kuna ukuta sasa. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwake sasa anasoma sekondari. Hakunitambua mpaka nilipomwambia mimi ni mtoto wa reli. Akanivuta nikae kwenye ndoo iliyofunikwa.

Tuliongea mengi, lakini alikuwa na jambo moja alilotaka kujua. Filamu yenyewe hakuiona. Mtu alimwambia kwamba mwishoni hupita orodha ya watu wote waliofanya kazi.

"Mi njo nilikufundisha," alisema, akijionyesha kwa kidole. "Jina yangu balitia?"

Nilikuwa naijua orodha ile kwa moyo. Mpishi yumo, madereva wamo, mwenye mbwa aliyepita nyuma yangu sekunde mbili yumo. Nilimwambia ukweli, kwamba hayumo. Akachambua maharage kidogo, akatupa changarawe moja barabarani. Halafu akaniuliza kama bado ninajua. Akanipa ungo wake. Nikasimama kando ya barabara kuu, malori yakipita kuelekea Kasumbalesa, nikatikisa ungo wa maharage kwa kiuno, mikono ikifuata. Alinitazama kwa makini kama zamani.

"Bado unaangalia mikono," alisema, na sasa akacheka.

Miaka mitatu iliyopita watu wa ile filamu walinitafuta. Si mwongozaji, yeye amezeeka. Walikuwa vijana wanaotaka kutengeneza filamu nyingine fupi juu ya mtoto wa picha ile, yuko wapi leo. Nilionana na mmoja wao, dada mwenye heshima, kwenye bustani ya hoteli asubuhi. Alitaka nirudi mtoni, nisimame majini nikiwa nimevaa nguo yenye rangi ileile, nieleze jinsi nilivyotoka katika maisha yale. Nilimwambia sikutoka huko. Mimi natoka kambi ya reli. Nikampa masharti yangu: jina la yaya liandikwe kwamba ndiye aliyenifundisha, langu liandikwe na neno mwigizaji pembeni, na majini sisimami. Alisema majina yanaweza kuzungumzwa, ila watazamaji wanahitaji mto, pengine tungeanza na mto halafu mengine yafuate. Nilimaliza maji yangu ya chungwa, nikamshukuru, nikaondoka.

Waliitengeneza bila mimi, kwa kutumia kipande kilekile cha zamani. Aliyeiona aliniambia kuna sauti inayosema kwamba nilikataa kwa sababu jeraha bado halijapona. Waseme. Mimi nina mikono yangu miwili na daftari, na nimeandika hapa ilivyokuwa. Jina la yaya silitaji kwa kuwa ameniomba nisilitaje. Anasema kama halikuandikwa mahali pake, hataki liandikwe popote.

Sheria niliimaliza na siifanyi. Nina miaka thelathini na miwili, na mwaka jana nilikwenda kwa kundi la vijana wa Kampemba wanaotengeneza mchezo wa televisheni wa kila wiki kwa kamera moja na simu mbili. Waliponitambua, walianza kunieleza juu ya mjane wao, mwanamke anayefukuzwa na wenye nyumba kila sehemu. Niliwaacha wamalize. Kisha nikasema mjane mtafuteni kwingine, mimi nataka kuwa mwenye nyumba. Walitazamana. Nikawaomba dakika moja tu, nikamwita aliye karibu nami, nikamtazama, nikasogea hatua moja, nikamwambia atoe godoro lake nje. Alikuwa mwandishi wa mchezo wenyewe, na mguu wake ulirudi nyuma.

Sasa kila Alhamisi jioni mimi ni mama mwenye nyumba tatu, cheko kubwa, kitenge kipya kila kipande, funguo zimening'inia kiunoni. Ninacheka wapangaji wakinipigia magoti. Ninacheka mvua ikinyesha juu ya vitu vyao. Mama alipokitazama kipande cha kwanza alisema haya ni mambo ya aibu, kisha akauliza kitenge kile kimeshonwa na nani, maana bega moja limepinda.

Wiki kadhaa zilizopita nilikwenda sokoni Katuba asubuhi kununua tomati. Muuzaji, mama wa makamo ambaye sikuwahi kumwona, aliinua macho, akanitazama, akafunika bakuli lake kwa kitambaa.

"Weye sikuuzishie," alisema. "Ule mama mujane ulimutupia matela inje na mvua. Alikufanya nini?"

Ningeweza kumweleza kwamba godoro lile lilitupwa kwenye mchezo tu, na kwamba mjane mwenyewe ni mhasibu wa zamani mwenye afya nzuri, na tunakula pamoja kila baada ya kazi. Wanawake wa vibanda vya jirani walikuwa wamekwishasogea kusikiliza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema maskini.

"Nyumba iko yangu," nikamwambia, na nikacheka lile cheko.

Walinifukuza kwa maneno mpaka mwisho wa safu. Tomati nilizipata ng'ambo, kwa msichana aliyenipa bila kunitazama, na zilikuwa zimelainika. Mama alilalamika juu ya tomati hizo, nikamsimulia, akacheka mpaka akaacha kushona. Nikala upesi, kwa sababu saa nane tulikuwa na kipande cha kumtoa mpangaji wangu mwingine, mwalimu mstaafu, chumbani kwake, na sikuwa nimeshika maneno yote.